Fenda ya Kushoto

Puti ya gari ina harufu kali na tamu kwa pamoja, kama ndizi iliyosahauliwa ndani ya kopo la rangi. Jumamosi iliyopita nilikuwa nyuma ya nyumba yangu, Mzumbe, nikiikoroga juu ya kipande cha kigae ili nizibe tundu la kutu kwenye mlango wa gari langu. Gari hilo lina umri mkubwa kuliko wengi wa wanafunzi wanaopita mbele ya uzio wangu wakicheka. Sikusomea kazi hii chuoni. Nimejifunza kwa kusoma, kwa kuharibu na kwa kurudia. Harufu ilipopanda niliacha kukoroga, nikakaa juu ya ndoo, na puti ikanigandia pale pale kwenye kigae. Nilikuwa namkumbuka mama yangu, ambaye khitma ya arobaini yake tumeisoma mwezi huu.

Mtu mwingine angemkumbuka mama yake kwa hiliki au kwa udi. Mimi namkumbuka kwa puti. Nitaeleza sababu yake kwa utaratibu, kwa kuwa kwa miaka mingi nimelieleza jambo hili vibaya, hata ndani ya nafsi yangu.

Tulikaa Kihonda, wakati nyumba bado zilikuwa chache na milima ya Uluguru ikionekana yote kutoka uani kwetu, bila ghorofa la kuikata. Baba alikuwa fundi mitambo kiwandani. Alikuja kutoka Kigoma kwa treni akiwa kijana, akasema atakaa mwaka mmoja, hakurudi. Mama alikuwa Mluguru wa Kinole. Mtaa ule aliuchagua yeye. Baba alitaka tupange karibu na kiwanda, lakini mama aling'ang'ania pale, akisema kisima chake kina maji mazuri. Maji yenyewe yalikuwa ya chumvi. Sabuni haikutoa povu. "Mama Subira kwa kuchagua maji hajambo," baba alikuwa akisema kila anapotoka kuoga, ngozi imemkakamaa. Subira ni mimi.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa Baba Rehema, fundi redio. Alitembea kwa mkongojo. Rehema, binti yake, nilikaa naye dawati moja. Hapakuwa na mtoto mtaani asiyeijua habari ya mguu wa Baba Rehema, maana tuliomba atusimulie kama wengine wanavyoomba hadithi. Alikuwa akitembea kando ya barabara, Rehema akiwa bado mchanga wa miezi, gari jeupe likamgonga nyongani na kukimbia. Dereva alikuwa mwanaume mwenye kofia. Mguu ulipopona ulikuwa mfupi kuliko mwenzake. "Alikimbia na mfupa wangu, mshenzi yule," alimalizia siku zote, huku akipuliza risasi ya kuchomelea, bado ya moto, kwenye waya. "Siku mkiuona mfupa wangu mniletee."

Tulicheka. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa kuhesabu mambo, na nilikwisha kuona kasoro moja: kofia ilikuwa ikibadilika. Mara ilikuwa ya kiua, mara pama, na safari moja ilikuwa kofia ya askari. Nilidhani ni uzee. Hakuwa hata mzee.

Kila Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri mama alinipa sahani ya bati yenye maua, imefunikwa kawa, niipeleke kwa Baba Rehema. Wali wa nazi, mchuzi, ndizi mbivu moja pembeni. Hata Ijumaa ambayo sisi tulikula ugali na mlenda, sahani ile ilikuwa na wali. Sikuwahi kuuliza. Kwa mtoto, jambo linalofanyika kila wiki ni kama jua. Huulizi linachomoza kwa nini.

Gari lilikuja kutoka kwa Mjomba Kibwana, kaka mkubwa wa mama. Aliuza ndizi na viungo kutoka milimani, akakaa mjini, na sifa yake kubwa ilikuwa kubana. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Kwa hiyo nilimwogopa na kumheshimu kuliko nilivyompenda. Jumapili moja alipiga honi mbele ya nyumba, akashuka kutoka katika gari dogo la Kijapani la milango minne, la buluu, linang'aa kama jana limetoka melini.

"Mwanaidi," alimwita mama, "toka uone. Lako hilo."

Majirani wakapiga vigelegele. Mama alikuwa anakanda unga wa chapati. Aliitazama ile buluu, mikono imebaki ndani ya beseni.

"Kwa nini usiliuze, kaka?"

"Nimuuzie nani?"

"Watu wapo."

"Wapo, ndiyo," Mjomba alisema, na sauti yake ya kimlimani ikashuka. "Na macho wanayo."

Alipoondoka, baba alilizunguka gari mara tatu, mikono nyuma, kama mtu anayezunguka ng'ombe mnadani. "Kibwana?" alisema. "Kibwana aliyetupimia karanga kwa kifuniko cha chupa siku ya harusi yetu, ndiye anatoa gari? Birika halimwagi bila kuinamishwa. Nani kaliinamisha?"

"Mshukuru Mungu," mama alimjibu.

"Namshukuru. Mungu simshuku."

Mambo mawili zaidi niliyaweka akilini. La kwanza, mama hakukaa kiti cha mbele cha gari lile hata siku moja. Alikaa nyuma, macho magotini, kama abiria anayeumwa. La pili, hakuligusa kwa kulisafisha, yeye ambaye hata kuni alizifuta vumbi. Nilihitimisha kwamba mama hampendi kaka yake.

Masika yalipokwisha, buluu ile ilianza kuota vipele. Vilianza kwenye fenda ya kushoto, lile bati la juu ya tairi la mbele, vidogo kama vya joto, halafu vikapasuka na kutoa unga wa kahawia. Baba alifurahi. Sitii chumvi: alifurahi kama mtu ambaye shaka yake imepata mahali pa kukaa. Kupeleka gari kwa fundi bodi hakukuwa desturi yake. Kila kilichovunjika nyumbani alikifungua mwenyewe. Aliazima nyundo ndogo za kunyooshea, akanunua misasa, akaleta kipande cha reli kilichokatwa urefu wa kiganja, ambacho baadaye nilielewa kazi yake: unakishika nyuma ya bati huku ukigonga kwa mbele, ili bati lipate mahali pa kuegemea. Akaniita.

"Leta ile sumaku yako."

Sumaku ile nilipewa na Baba Rehema, ilitoka kwenye spika iliyoungua. Ilikuwa duara zito lenye tundu katikati, na niliitunza kuliko daftari. Baba aliifunga uzi. Kwanza alilipiga gari kwa kifundo cha kidole, kuanzia mlangoni kwenda mbele.

"Sikiliza. Hapa linasemaje?"

"Ting."

"Na hapa?"

"Ting."

Akafika kwenye fenda. "Na hapa?"

"Tup."

"Tup ni nini?"

"Sijui, baba."

"Tup ni uongo." Akaiweka sumaku mlangoni, ikashika kwa nguvu hata kunibidi niing'oe. Akaiweka kwenye fenda. Ikateleza, ikaanguka mchangani. Akarudia mara tatu, ikaanguka mara tatu. Baba alichuchumaa, akautazama ukingo wa fenda kwa jicho moja, na akasema maneno ambayo yaliniharibia wiki nzima.

"Kuna mtu amezika kitu humu."

Fundi yeyote angemwelewa. Alimaanisha bonde, sehemu iliyobonyea, ambayo mtu hakuinyoosha bali aliijaza puti na kuipaka rangi. Lakini mimi nilikuwa na miaka tisa, na kilichozikwa nilichokijua kilikuwa kimoja tu. Watu. Au sehemu za watu.

Nyuma yetu mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nakumbuka sauti ya mchele ilikoma.

"Amezika nini?" niliuliza.

"Tutakiona. Kutu haipambwi, mwanangu. Inakatwa mpaka ufike palipo pazima, ndipo unaanza kujenga."

Alianza kukwaruza siku ile ile, Jumamosi mchana, chini ya turubai. Mimi nilikaa mbele ya gari, pembe ya kulia. Wa kushoto sikupita. Chini ya buluu kulikuwa na kijivu. Chini ya kijivu, pembeni ambako puti ilikuwa nyembamba, likatokea doa jeupe, likakua kadiri msasa ulivyozunguka, hadi likawa kubwa kama sahani.

"Lilikuwa jeupe hili," baba alisema, si kwangu hasa.

Gari jeupe. Kisha akachukua patasi, akaipiga chini ya puti, na kipande kikachomoka chote kwa pamoja, kirefu kama kidole gumba, kimepinda kidogo, kigumu, chenye rangi ya maziwa yaliyolala. Kiliruka, kikaanguka miguuni kwangu. Upande mmoja kilikuwa laini, upande mwingine kina vitundu vidogo vidogo, sawa kabisa na mfupa wa supu.

Baba hakukiangalia. Mimi nilikiokota kwa ukingo wa gauni.

Nataka msomaji wa rika langu akumbuke jinsi mtoto anavyojenga ushahidi. Hana haraka, na hana huruma. Mjomba mbahili ametoa gari bure. Alishindwa kuliuza kwa sababu watu wana macho. Mama hakai mbele. Gari lilikuwa jeupe. Na sasa mfupa wenyewe. Kila kitu kiliingia mahali pake, na wala hapakuwa na mtu mzima wa kuniambia kwamba kitu kinaweza kukaa vizuri mahali ambapo si pake.

Jumapili na Jumatatu nilitembea na kile kipande kimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Sikula vizuri. Nilikuwa nimekwisha kuona mwisho wa njia zote mbili. Nikisema, Mjomba atapelekwa polisi, ukoo wa mama utasimama dhidi yetu, na mtaa mzima utajua kwamba gari linaloegeshwa uani kwetu ndilo lililomlemaza jirani. Nisiposema, kila Ijumaa nitapeleka sahani kwa mtu ambaye mfupa wake ninao mimi. Jumanne, wakati wa mapumziko, nilimvuta Rehema nyuma ya vyoo vya shule.

"Shika. Ni wa baba yako."

"Nini?"

"Mfupa wake. Ulikuwa ndani ya gari letu. Mjomba wangu ndiye aliyemgonga."

Rehema aliufungua, akaunusa. "Unanuka rangi."

"Kwa sababu waliupaka."

Hakulia, hakunipiga. Aliufunga tena vizuri, pembe kwa pembe, akautia mfukoni, na kengele ilipolia akahama dawati.

Siku hiyo hiyo baba alikuwa amemwita Mjomba Kibwana aje baada ya kazi, aone mwenyewe kilichoonekana. Alasiri nilipofika nyumbani niliwakuta wamesimama mbele ya fenda. Puti yote ilikuwa imetoka. Palibaki bonde, na ndani ya bonde kutu ilikuwa imekula bati hadi kutoboka vitundu kama chujio. Mama alikaa kwenye mkeka hatua tano kutoka pale, ungo mapajani.

"Shemeji," baba alisema, "sikuiti kwa ugomvi. Zawadi haichunguzwi meno. Lakini hapa ulizika nini?"

Mjomba alimtazama mama. Nilikiona kitendo hicho, nikakihesabu upande wa hatia yake: mtu mwenye kosa hutafuta wa kumwombea.

"Nguzo," alisema. "Niligonga nguzo ya geti. Zamani."

"Nguzo."

"Nguzo, shemeji. Ya zege."

Baba aliinama, akapitisha kiganja chake ndani ya lile bonde, polepole, kuanzia ukingoni hadi katikati. Alikaa hivyo muda mrefu. Alikuwa anataka kusema neno, ndipo tukasikia mkongojo getini.

Baba Rehema aliingia na Rehema nyuma yake. Hakuwa na kawaida ya kuja kwetu. Sahani ilimfuata yeye, si yeye aliyeifuata sahani. Nilimwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba. Hodi wenyewe. Jamani, leo nimeletewa mfupa wangu." Alifungua karatasi ya daftari juu ya kiganja. Uso wake ulikuwa na kicheko, lakini mkono ulikuwa umetulia mno. "Nimeambiwa umetoka hapa."

Nilimwona baba akiitambua puti, kisha akinitambua mimi. "Subira! Umefanya nini?"

"Mwache," Baba Rehema alisema. "Ameokota, amerudisha. Watu wazima wangapi wanaokota na kurudisha?"

"Lilikuwa jeupe!" nilipiga kelele. Nikishaanza huwa siachi, hata leo. "Hili gari lilikuwa jeupe, tazama mwenyewe chini! Na Mjomba alishindwa kuliuza!"

"Nyamaza," mama alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeomba maji.

Baba Rehema alikwenda hadi kwenye fenda. Aliegemeza mkongojo kwenye boneti, akasimama kwa mguu mzima, akaligusa lile bonde. Halafu akafanya jambo ambalo wakati ule niliona ni la ajabu tu: aligeuka ubavu, akasogea, kama mtu anayepima koti dukani. Alikaa hivyo kwa pumzi moja. Akauchukua mkongojo wake.

"Si hili," alisema.

Kisha akanigeukia mimi.

"Magari meupe, mama, ni mengi kuliko yangeyange," aliniambia. "Tena mtu wangu alikuwa na kofia. Bwana Kibwana, wewe uliwahi kuvaa kofia ya askari?"

"Sijawahi," Mjomba alisema. Jasho lilimshuka hadi kwenye kola.

"Basi. Si hili." Akamgeukia mama. "Mama Subira, chai ipo? Au nimekuja siku ya sukari kuisha?"

Mama aliinuka kwa haraka hata mchele ukamwagika mkekani, naye hakuugeukia. Alileta chai mwenyewe. Kikombe kililia juu ya kisosi njia nzima kutoka jikoni, ting ting ting, na Baba Rehema alikipokea kwa mikono miwili, jambo ambalo mwanaume wa umri wake hafanyi kwa mwanamke wa umri wake. Akanywa. Akasifu tangawizi. Akaondoka na binti yake, na kile kipande cha puti akaondoka nacho.

Sikupigwa. Baba aliniambia tu kwamba fundi hapeleki kazi nje kabla haijaisha. Kesho yake alifanya jambo ambalo halikufanana naye. Alikuwa mtu wa kuokoa kila bati. Alishanifundisha kwamba ukiligonga kupita kiasi linatanuka na kuota tumbo, na kwamba heri kugonga mara mia kidogo kidogo kuliko mara moja kwa hasira. Bonde lile alikuwa na uwezo wa kulinyoosha, akakata kutu na kuchomelea kiraka. Badala yake alifungua boliti zote, akaing'oa fenda nzima, na kufunga nyingine ya kijani aliyoitoa kwenye gereji ya magari mabovu. Gari la buluu lenye shavu la kijani. Tulichekwa mtaani hadi lilipouzwa. Ile fenda ya zamani aliiweka iwe paa la banda la kuku, upande wa bonde ukiwa chini, na neno "nguzo" sikulisikia tena kinywani mwake.

Nami nikabaki na hukumu yangu. Rehema alirudi dawatini baada ya siku tatu, hatukulizungumza. Mjomba Kibwana nilimwamkia kwa heshima hadi alipokufa, na kila nilipomwamkia nilimwona ni mtu aliyeponea chupuchupu kwa sababu kilema mmoja alisahau kofia ilikuwa ya aina gani. Nilijifunza kazi ya bati kwa ajili yake, nadhani. Nilitaka siku moja nijue.

Arobaini ya mama tuliisomea pale pale Kihonda. Baada ya watu kula, nilizunguka nyuma ya nyumba kupumua, na fenda ilikuwapo bado, kuku wa kisasa chini yake. Niliinama, nikaigeuza. Kutu ilikuwa imeila kingo, lakini umbo la katikati lilibaki. Na kwa macho niliyonayo sasa sikuhitaji hata dakika moja.

Nguzo ya zege haifanyi bonde la namna ile. Nguzo hukata. Inaacha mfereji mwembamba wenye mkunjo mkali, na rangi hupasuka pale pale. Lile lilikuwa pana, la kina kifupi, laini kama ndani ya bakuli. Lilifanywa na kitu kizito chenye nyama. Baba, fundi mitambo wa miaka ishirini, alipitisha kiganja mle ndani na kuambiwa "nguzo". Kumbe alijua siku ile ile. Baba Rehema alijipima ubavu wake. Mjomba alijua, mama alijua. Katika ua ule mjinga alikuwa mmoja, naye ndiye aliyekuwa na sumaku.

Rehema alinikuta nimechuchumaa. Ni mama wa watu sasa, mwili umemjaa, sauti ni ile ile. Mkononi alishika sahani ya bati yenye maua, maua yamefutika nusu.

"Nimekuta hii ya mwisho nyumbani. Mama yako hakukosa Ijumaa hata moja, Subira. Hata baba alipokufa aliendelea kuniletea mimi."

"Rehema," nilisema, "hii si nguzo."

Aliitazama fenda, kisha akatazama kama kuna mtu karibu. Wanawake walikuwa wanaosha masufuria upande wa pili, wakitaniana.

"Mjomba wangu alimgonga baba yako," nilisema. "Naomba radhi kwa ajili yake."

"Hakuwa mjomba wako."

Alichuchumaa karibu yangu, akashusha sauti.

"Mjomba wako alikaa kushoto, anafundisha. Aliyeshika usukani alikuwa mama yako. Walisimama, Subira. Walishuka wote wawili. Mama yako alikaa chini barabarani analia, mjomba wako anataka kumbeba baba amtie ndani ya gari. Watu wakaanza kuja wanakimbia, na unajua wakija wanakuja na nini mkononi. Baba ndiye aliyewaambia nendeni. Aliwafukuza. Halafu akatunga mtu wa kofia."

Kuku mmoja alitoka chini ya fenda, akasimama katikati yetu.

"Alikuambia lini?"

"Siku ile ile ya mfupa. Tunarudi nyumbani, mimi nalia kwa hasira. Nikamuuliza, baba, umejipima mwenyewe, mbona umesema si lile?" Rehema aliiweka sahani juu ya bati, pale penye bonde, na ikakaa sawasawa bila kuyumba. "Akaniambia, siku ile nilimwona aliyeshuka mlango wa dereva. Alikuwa na tumbo la miezi saba. Lile tumbo, Rehema, ndilo lililokuletea mfupa leo shuleni."